Kitambaa Juu ya Kompyuta

Kompyuta ya ofisi yetu ilikuja Tabora kwa treni, ndani ya makasha yaliyojazwa vipande vyeupe vya plastiki laini ambavyo tarishi wetu alivikusanya vyote akaenda kujazia mto. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Ujamaa. Sabuni ilikuwa adimu, sukari tuliipata kwa foleni kwenye duka la ushirika, na katikati ya shida hizo wafadhili wa mradi wetu wa visima wakaona kitu tunachokihitaji kuliko vyote ni kompyuta. Sijui nani aliwaambia. Lakini ilishuka stesheni salama, ikapakiwa kwenye Landrova, ikawekwa juu ya meza kubwa kuliko zote ofisini, na mimi nikaitwa kutoka Igunga kuja kuitunza.

Niseme ukweli, sikuwa na mapenzi yoyote na mashine. Nilikuwa mpiga chapa tu, na hasira zangu ziko karibu tangu utotoni. Taipureta ikinikwamia naipiga kofi. Nilichokipenda mimi ni kurudi nyumbani. Baba alikuwa amefariki, mama amebaki peke yake kwenye nyumba yetu ya Isevya, mjini Tabora, na mimi nilikuwa nimekaa Igunga kwenye tawi la mradi nikiomba uhamisho mpaka nikachoka kuomba. Kila nilipoagana na mama pale stendi, nilipanda basi nikiwa nimeuma meno ili nisilie mbele ya abiria. Kompyuta ndiyo iliyonirudisha kwake.

Mkuu wa mradi hakunificha kitu siku niliyoripoti. Alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Urambo, muumini wa Kanisa la Moraviani mwenye sauti ya kwaya, mtu aliyelichukua neno "ndugu" kwa moyo wote. Alimwita kila mtu ndugu, hata mbuzi aliyeingia uani.

"Ndugu," akaniambia, "umekuja kwa sababu ya mashine hii. Ikikaa, na wewe unakaa. Makao makuu wakiona imetushinda, wataichukua waipeleke Dodoma, na mimi hapa sina kiti kingine cha kukupa. Itabidi urudi Igunga."

Mtaalamu wa kigeni alinifundisha kwa majuma machache, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza na mikono mingi, kisha akapanda treni akaenda zake. Nikabaki mimi na kile kioo chenye herufi za kijani.

Jioni ya kwanza niliporudi nyumbani, mama aliniuliza habari za kazi, nami nikamweleza kompyuta ilivyo: kasha la chuma hapa chini, kioo kama cha televisheni kimekaa juu yake, na mbele kibao cha vitufe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na nguo yake?" akauliza.

"Nguo gani, mama?"

"Ina maana mmeiweka uchi hivyo hivyo, kila anayeingia anaiona?"

Aliyekulia katika nyumba za Tabora hatashangaa. Kwetu kitu cha thamani hakikai bila kitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, mtungi wa maji ulikuwa na chake chenye shanga pembeni, chupa ya chai ilikuwa na kanzu kabisa, na migongo ya viti vya sebuleni ilivaa kuliko watu wengine. Cherehani ya baba, ambayo hakuna aliyeigusa tangu azikwe, ilikaa pembeni imefunikwa vizuri, na mama aliibadilishia kitambaa kila mwandamo wa mwezi. Mimi mwenyewe niliona aibu kidogo kwamba sikuwa nimeliwazia jambo hilo.

Ila nyuzi hazikuwepo. Maduka ya Wahindi yalikuwa na rafu tupu na kalenda za zamani ukutani. Siku moja nikarudi kazini nikamkuta mama ameketi mkekani, shuka la kitanda liko mapajani, anafumua. Lilikuwa shuka alilolifuma kwa mkono wake mwenyewe wakati amechumbiwa, na ndilo lililotandikwa siku ya harusi yake. Nyuzi zilizofumuliwa alikuwa anazizungusha kwenye kipande cha gunzi.

"Mama! Hilo si shuka la harusi yako?"

"Ndilo. Nyuzi za siku hizi ungezipata wapi?"

"Lakini mama…"

"Kitanda chenyewe kinalaliwa na mtu mmoja," akasema, bila kuinua macho. "Cha kupambwa ni hicho kitu cha ofisini, ili mwanangu asirudishwe."

Nilimfokea. Nilisema maneno mengi kuhusu watu wasiothamini vitu vyao, kisha nikatoka uani nikalia nyuma ya jiko. Mama aliendelea kufumua.

Kitambaa kilipokamilika kilikuwa cheupe pee, kina mawaridi kwenye pembe na vishada kuzunguka ukingo mzima. Kilifunika kioo kwa juu kikateremka nyuma na ubavuni mpaka chini ya kasha, na kwa mbele kiligawanyika kama pazia ili niweze kusoma herufi. Alikitia wanga wa muhogo kikakauka kikasimama chenyewe. Ijumaa akakileta ofisini kwa miguu yake, amevaa khanga zake za kutokea, na mkuu akakipokea kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa Kinyamwezi, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Shikamoo mama. Sasa ofisi imekuwa ofisi."

"Marahaba, baba. Muitunze, nayo initunzie mwanangu."

Tangu siku hiyo akawa anapita kila Ijumaa. Alikaa kidogo, akakiangalia kitambaa chake, akanyoosha kishada kimoja au viwili, akanywa maji, akaenda zake sokoni.

Haikupita muda, mashine ikaanza kuugua.

Asubuhi ilikuwa nzima. Niliiwasha, nikaandika hesabu za visima vya Ulyankulu, kina cha kila kimoja, bomba la aina gani, nikifurahi moyoni. Jua lilipopanda, kasha likawa la moto kiasi cha kupigia pasi. Ukiligusa unaondoa mkono. Halafu kioo kinazimika ghafla, fyu, na kazi yote ya asubuhi imepotea. Nikiiacha ikapoa, inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Nilikuwa nikiketi mbele yake nimefura, tarishi ananiletea maji ya kunywa bila kuniambia neno.

Mkuu aliamua ni umeme. Na umeme wa Tabora wa siku hizo ulistahili kushukiwa. Taa zilikuwa zikififia na kung'aa zenyewe. Akazungukia ofisi zote za mji mpaka akaazima stabilaiza, lile sanduku zito la kutuliza umeme, tukaliweka mezani ubavu kwa ubavu na kioo, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kipana, tukalifunika na lenyewe. Sasa mambo yakazidi. Mashine iliendelea kuzimika mchana, na juu ya hapo herufi zikaanza kucheza. Zilitetemeka, zikapinda upande mmoja kama nguo kwenye kamba upepo ukivuma, mistari ikawa inatambaa kutoka chini kwenda juu. Kusoma jina la kijiji kimoja kuliniletea kizunguzungu.

"Ndugu kompyuta ameamkaje leo?" mkuu aliuliza kila asubuhi akining'iniza kofia yake.

"Ameamka mzima. Mchana ndipo tutajua."

Tukamleta fundi wa redio kutoka mjini. Alikuja na bisibisi zake, nami nikakitoa kitambaa kwa adabu, nikakikunja, nikakiweka kwenye kiti. Akaichunguza, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akasogeza stabilaiza sakafuni apate nafasi ya kuweka mikono, akaiwasha. Ikafanya kazi saa nzima, herufi zimetulia tuli, mpaka mwenyewe akacheka.

"Haina ugonjwa, dada. Labda nyinyi mnaipigia kelele."

Akaondoka. Tukapandisha stabilaiza mezani, tukaivisha mashine kitambaa chake, na kabla ya chakula cha mchana ikazimika. Tukamwita tena. Tukaivua tena, ikapona tena. Tarishi akasema mashine ina haya, mbele ya fundi inajikaza. Mimi nilikuwa karibu kumwamini. Tulibadilisha plagi, tukahamisha meza kutoka dirishani, tukaweka beseni la maji chini yake ili ipate ubaridi. Nilianza kuja alfajiri ili nifanye kazi kabla jua halijawa kali. Katika yote tuliyoyajaribu, hakuna aliyekitazama kitambaa. Kingetazamwaje? Mtu akiwa na homa, nani anaishuku kanzu yake?

Wakati huo huo habari ikaja kwa simu ya upepo kwamba wageni wa makao makuu wangefika kuikagua kompyuta. Mkuu aliipokea simu amesimama. Alipoiweka chini, aliniangalia. Nilijua anawaza kile kiti ambacho hakuwa nacho.

Kilichotuokoa ni kufua. Vumbi la kiangazi lilikuwa limekigeuza kitambaa kikawa rangi ya uji wa ulezi, na mama alipokuja Ijumaa akasonya kwa masikitiko, akakivuta mwenyewe akaondoka nacho. Sabuni hakuna, kwa hiyo alikifua kwa majani ya mpapai, akakianika, akakitia wanga, akasubiri jua. Siku zote kitambaa kilipokuwa kwenye kamba uani kwetu, mashine haikuzimika hata mara moja. Nilifanya kazi asubuhi mpaka jioni. Kasha lilikuwa vuguvugu tu, na upepo ulikuwa ukitoka nyuma, fufufu, kwenye vitundu ambavyo sikuwahi kuvijua. Kwa kuwa hapakuwa na kitambaa cha kuiheshimisha, stabilaiza nayo tulikuwa tumeishusha sakafuni, na herufi zilikuwa zimesimama wima kama wanafunzi kwenye gwaride.

Nikamwita mkuu. Tukatazama vile vitundu, tukatazamana. Mwishowe yeye akachukua koti lake, akaifunika mashine nalo, akaketi kitini mikono kifuani. Tukasubiri kama watu waliokaa na mgonjwa. Joto likapanda, kioo kikazimika. Akaliondoa koti, kikawaka tena. Kisha akainua stabilaiza akaisogeza karibu na kioo, herufi zikacheza, akaiondoa, zikatulia. Akarudia mchezo huo mpaka nikamwambia inatosha.

"Ndugu," akasema kwa sauti ya chini, "kumbe tulikuwa tunaikaba pumzi."

Nilifurahi, kisha papo hapo nikakosa raha. Niliona lile shuka la harusi mapajani mwa mama. Nilijiona nikimrudishia kitambaa nimekikunja, nikimwambia kwamba kitu alichofumulia shuka lake ili akitengeneze ndicho kilichokuwa kinataka kunirudisha Igunga. Nilimwambia mkuu siwezi. Naye, mtu mzima mwenye wajukuu, akasema hata yeye hawezi.

Ndipo tukala njama. Kitambaa kikirudi kitakaa kwenye droo. Ijumaa, tarishi ataketi nje mlangoni na kutazama barabara. Akimwona mama anakunja kona ya ukuta wa jirani, atoe ishara. Mimi nizime mashine, mkuu afungue droo, tuivishe kabla hajapiga hodi. Tulifanya mazoezi, wallahi. Tarishi alichagua kukohoa.

Na ikawa hivyo. Kila Ijumaa kikohozi kinasikika, mkuu anaruka, "Haraka, ndugu, haraka!", viti vinaburuzwa, droo inakwama, mimi natukana droo, kitambaa kinarushwa, vishada vinanyooshwa, na mama anapoingia anatukuta watatu tumesimama tunahema kama tuliotoka kupokea Mwenge wa Uhuru. Anatuamkia, anakiangalia kitambaa, anakunywa maji yake. Kila mara nilimwona akipitisha kidole juu ya ukingo wa kitambaa, polepole, halafu anatabasamu. Moyo wangu ulikuwa ukiniuma na kunicheka kwa wakati mmoja.

Wageni walifika siku ya katikati ya juma. Walikuwa wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani, wamechoka na safari ya treni, suti zao za mikono mifupi zimejaa vumbi. Kompyuta ilikuwa wazi kabisa, stabilaiza iko chini, nami nimekaa mbele yake. Waliniuliza kisima kirefu kuliko vyote Ulyankulu, nikakileta kwenye kioo. Wakataka pampu zilizoharibika Urambo, nikazileta. Yule mama mwenye miwani akasema waiache iwake muda mrefu, kwa sababu walikuwa wamesikia huzimika mchana. Mkuu alikuwa akijipangusa jasho kwa leso ambayo tayari ilikuwa imelowa.

Tarishi akakohoa.

Nilidhani amepaliwa. Haikuwa Ijumaa. Akakohoa tena, kwa nguvu, na kupitia dirishani nikaiona khanga ya mama kwenye kona. Mkuu akanitazama, macho yamemtoka. Nikiivisha, itazimika mbele ya wageni na mimi nitapanda basi la Igunga. Nisipoivisha, mama ataingia aone. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye droo, nikakitoa kitambaa, nikasimama nacho katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Wageni walikuwa wananiangalia. Sikuweza kukiweka, na sikuweza kukirudisha.

"Hodi," mama akasema.

Aliingia na kikapu kichwani. Alisikia kwa jirani kwamba wageni wamefika, akaona haifai ofisi ya mwanawe ipokee watu kwa maji matupu. Kikapuni mlikuwa na mihogo ya kuchemsha, karanga, chupa ya chai na asali ya kutilia mahali pa sukari. Akawaamkia wageni mmoja mmoja. Kisha akaigeukia kompyuta. Alikuwa hajawahi kuiona imewaka bila kitambaa. Akasimama akazitazama zile herufi za kijani, akanitazama mimi, akatazama mikono yangu.

Mama akaja akakichukua kitambaa mikononi mwangu, taratibu, akakikung'uta mara moja, akakitandaza juu ya meza ndogo ya pembeni.

"Nilimwambia aniwekee tayari kwa ajili ya chai," akawaambia wageni. "Karibuni, baba zangu, mama yangu. Wewe endelea na kazi yako, wageni wako wanasubiri."

Nikaketi. Wageni walikula mihogo na asali juu ya mawaridi ya shuka la harusi, wakakisifia kitambaa, na mashine ikawaka mpaka wakachoka wao kuitazama. Yule mama mwenye miwani aliligusa kasha kwa kiganja, akasema haoni sababu ya kuihamisha. Mkuu alitoka nje kidogo. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Jioni nilifuatana na mama kurudi nyumbani. Nilimbebea kikapu. Tulipita sokoni, na nilikuwa nimeshapanga namna ya kuanza mara nyingi, kila mara nikaona haifai.

"Mama, kile kitambaa…"

"Najua," akasema. "Kinaipa joto. Kitu kinachounguruma vile lazima kinahema."

"Umejua leo?"

Akacheka. "Tangu zile Ijumaa za mwanzo baada ya kukifua. Mwanangu, Tabora hii na vumbi lake, kitambaa kinachokaa mezani kinabaki cheupe namna ile? Kila nikipitisha kidole hakuna kitu. Na mikunjo yake minne, kama kimetoka sandukuni sasa hivi."

Nilisimama barabarani. Hasira zangu za karibu zikanijia, nikamuuliza kwa nini basi alituacha tuteseke, watu wazima tunarukaruka kama vichaa kila juma, mkuu na kisukari chake.

Mama naye akasimama. Alirekebisha khanga begani.

"Tangu baba yako aondoke," akasema, "mimi naingia mahali na kutoka, hakuna anayeshtuka. Baba yako alikuwa akisikia hatua zangu anaondoa vitambaa vya wateja kwenye kiti ili nikae. Sasa nikifika pale kona namsikia yule tarishi wenu anakohoa. Nasikia droo. Nasikia mkuu mzima wa serikali anasema haraka, haraka. Wote hao kwa ajili yangu." Akaanza kutembea tena. "Nikawa nasimama kidogo nyuma ya ukuta, niwape nafasi mmalize."

Nilimshika mkono, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nikiwa mtoto, tukaenda hivyo mpaka mlangoni kwetu.

Nilimweleza mkuu kesho yake. Alisikiliza kichwa ameinamisha, kisha akamwita tarishi ndani na kumwambia kila kitu.

Ijumaa ilipofika, tarishi alibeba kiti chake akakiweka nje mlangoni bila kuagizwa. Jua lilipokaribia utosini tukasikia kikohozi, kirefu kuliko vyote alivyowahi kukohoa. "Haraka, ndugu, haraka!" mkuu akapaza sauti yake ya kwaya, akaburuza kiti ambacho hakikuwa njiani. Nikazima mashine. Nje, nyuma ya ukuta, ncha ya khanga ilikuwa imesimama inasubiri, nami nikaivuta droo kwa nguvu zangu zote, ili asikie.